Hodi Kabla ya Majina: Maoni Juu ya Kufundisha Itifaki za Mitandao ya Vihisi

Mwalimu aweza kujibu swali la mwanafunzi kwa sauti ya uhakika, jibu lake likawa si kweli, na darasa zima lisitambue. Jambo hilo lilitupata sisi katika shule moja ya sekondari ya kata ya Masanze, wilayani Kilosa, tulipokuwa tukifundisha mawasiliano ya kompyuta. Tulikuwa tumechora ubaoni tabaka saba za mawasiliano, kila tabaka na jina lake la Kiingereza, na wanafunzi walikuwa wameziandika na kuzikariri kwa pamoja, kutoka chini kwenda juu na kutoka juu kurudi chini. Tukataja, kwa kupita tu, kwamba viko vyombo vidogo vya kupima mvua na joto ambavyo hupelekeana habari bila waya. Ndipo binti mmoja aliyeketi nyuma akauliza: "Mwalimu, kama vyote vinasema hewani, na hewa ni moja, nani huviambia vingine vinyamaze?" Tukamjibu kwamba iko kompyuta kubwa itoayo amri. Akaliandika jibu hilo katika daftari lake, akalipigia mstari.

Jibu lile halikuwa sahihi. Katika mitandao mingi ya vihisi hakuna mkubwa wa kuamuru nani aseme na nani anyamaze. Kila chombo huamua chenyewe kwa kufuata kanuni chache ambazo vyote vimepewa, na utulivu wa mtandao mzima hutokana na kanuni hizo. Swali la binti yule lilikuwa ndilo kiini cha somo, nasi tulilipita kwa sababu tulikuwa tumefundisha majina ya mambo ambayo sisi wenyewe hatukupata kujiuliza yanafanya kazi gani. Wiki iliyofuata tulirudi darasani, tukalisahihisha jibu mbele ya wote, kisha tukaanza somo upya kwa njia nyingine. Njia hiyo ndiyo tunayotaka kuwaeleza walimu wenzetu, pamoja na sababu zinazotufanya tuamini kwamba inafaa kuliko ile tuliyofunzwa.

Kwanza tueleze chombo chenyewe. Kihisi ni kifaa kinachopima jambo moja: joto, unyevu wa udongo, kina cha maji, nguvu ya upepo. Kikiunganishwa na kompyuta ndogo, redio ndogo na betri, hupatikana kijisanduku kiitwacho nodi. Nodi nyingi zikitawanywa mahali na kupelekeana habari hadi nodi moja ya kukusanyia, huo ndio mtandao wa vihisi usiotumia waya. Wala si mambo ya mbali. Katika miaka ya 2010 mradi wa WIMEA-ICT uliwashirikisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Makerere, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Juba na Chuo Kikuu cha Bergen katika kubuni vituo vya hali ya hewa vya namna hiyo. Kituo chao kilikuwa na nodi ya upepo iliyowekwa mita 10 juu, nodi ya joto na unyevu katika mita 2, na nodi ya ardhini kwa ajili ya mvua na udongo. Zote zilipeleka vipimo kwa redio hadi nodi ya kukusanyia, na kutoka hapo habari zikaenda mbali kwa mtandao wa simu.

Kwa mtoto wa Kilosa jambo hili lina uzito wake. Maji yaletayo mafuriko katika mji wa Kilosa aghalabu hayatoki kwenye mvua aionayo mkazi wa Kilosa. Hutoka juu, upande wa Mpwapwa na milima ya Rubeho na Ukaguru. Mto Kinyasungwe huyaleta hadi Gulwe, huingia katika bonde jembamba la Mkondoa pamoja na reli ya zamani, na ndipo huteremka Kilosa. Katika mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 tuta la mto lilibomoka, maelfu ya watu wakapoteza makazi, na reli ikakatika kati ya Kilosa na Gulwe. Wanafunzi wetu wengi wana ndugu walioyaona maji hayo. Ukiwauliza habari ya maji kupanda kule juu ingewezaje kuwahi kufika kabla ya maji yenyewe, hutahitaji kuwashawishi kwamba somo lina maana.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Kiswahili kimetupa neno "itifaki", na sisi walimu hulipita haraka ili tufike kwenye neno la Kiingereza, ambalo asili yake ni Kigiriki na maana yake ni karatasi ya kwanza iliyobandikwa mbele ya hati. Ilhali neno letu lina maelezo yake ndani yake. Limetoka katika shina lile lile la Kiarabu lililotupa "kuafiki" na "muafaka". Itifaki ni mapatano. Mwanafunzi akishalijua hilo, maswali huja yenyewe: wanaopatana ni kina nani, wanapatana juu ya nini, na kama mmoja hayashiki mapatano itakuwaje?

Tulitoka nje ya darasa. Wanafunzi 20 walisimama duara pana chini ya mwembe, migongo yao ikielekea katikati ili wasitazamane. Katikati alikaa mkusanyaji mwenye daftari. Kila mmoja alipewa kikaratasi chenye namba, iwe ndiyo kipimo chake cha mvua, na kazi ilikuwa kumfikishia mkusanyaji namba hiyo pamoja na jina. Kanuni ya kwanza ilikuwa kutokuwa na kanuni: kila mtu aseme apendapo. Zikawa kelele tupu, na mkusanyaji akaambulia majina machache mno. Hapo tuliwaambia kwamba hivyo ndivyo mambo yalivyoanza hata kwa wataalamu. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii walianzisha mtandao wa redio ulioitwa ALOHA, ambamo kila kituo kilisema kikiwa na la kusema na kurudia baadaye kisipojibiwa. Na hesabu zilionyesha kwamba, hata mambo yakienda vizuri kabisa, ni kama asilimia 18 tu ya muda wa hewa ndiyo ingebeba ujumbe uliofika salama. Aloha, kwa watu wa visiwa vile, ni neno la salamu. Wanafunzi walifurahi kusikia kwamba mtandao wa kwanza wa namna hiyo ulipewa jina linalokaribiana na hodi.

Kanuni ya pili walipendekeza wao: sikiliza kwanza, kukiwa kimya ndipo useme. Ilionekana kuwa nzuri, lakini mara tu msemaji mmoja alipomaliza, watano waliokuwa wakingoja kimya hicho hicho walianza kwa pamoja. Hili ni jambo ambalo maelezo ya ubaoni hayalionyeshi kamwe. Kusikiliza peke yake hakutoshi. Huwapanga watu wagongane palepale ambapo wote walikuwa na adabu.

Ndipo tukaleta mfuko wenye vikaratasi vilivyoandikwa 0 hadi 7. Mwenye ujumbe huchukua kimoja, huhesabu moyoni kadiri ya namba hiyo, husikiliza, na kukiwa kimya husema. Akikuta mwingine anasema, huenda kwenye mfuko wa pili wenye namba 0 hadi 15, na akikosa tena huenda kwenye wa tatu, 0 hadi 31. Hatukuzibuni namba hizi. Ndizo zilizomo katika kanuni iitwayo IEEE 802.15.4, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2003 na ambayo redio nyingi za vihisi huifuata, ila katika redio kila hesabu moja huchukua mikrosekunde 320. Chini ya mwembe hesabu moja ilichukua sekunde nzima, na mambo yakatulia. Hakukuwa na mtu aliyeamuru. Binti aliyeuliza swali lile alikuwa miongoni mwa wale 20, naye alisema kwa sauti, bila kuulizwa, kwamba mkubwa ni mfuko.

Kuhusu hodi, tulifanya hivi. Mgeni mwenye adabu hupiga hodi; asiposikia "karibu" hurudia; akifika mara tatu bila jibu huenda zake. Hakuna mtoto asiyejua hivyo. Tuliamua kwamba mkusanyaji akishaandika namba aseme "karibu" pamoja na jina la msemaji, na asiyesikia "karibu" yake arudie. Katika kanuni tuliyoitaja, nodi isiyopata jibu hurudia ujumbe hadi mara 3, kisha huacha na kuripoti kwamba imeshindwa. Mwanafunzi mmoja aliuliza itakuwaje kama mkusanyaji ameandika, amesema "karibu", lakini "karibu" yenyewe imepotea njiani. Basi mgeni atarudia, na mkusanyaji ataandika mvua mara mbili! Ndiyo sababu kila ujumbe hupewa namba yake ya mfuatano, ili uliorudiwa ujulikane. Katika miaka yetu yote ya kufundisha kwa tabaka saba hatukuwahi kuulizwa swali hilo.

Yalifuata matatizo mawili ambayo ni magumu zaidi, na hapa twamshauri mwalimu asiharakishe.

La kwanza ni la wasiosikiana. Tuliwaweka wanafunzi wawili pande mbili za jengo la madarasa, na wa tatu kwenye pembe akiwasikia wote wawili. Kila mmoja wa wale wawili alisikiliza, akakuta kimya, akasema. Na yule wa pembeni akapata mchanganyiko usiofahamika. Kosa si la yeyote. Mwanafunzi mmoja ambaye jamaa yake alifanya kazi ya reli alileta suluhisho kutoka stesheni: treni haiondoki katika njia moja mpaka bwana stesheni aiulize stesheni ya mbele kama njia i wazi, na jibu litoke kule iendako. Ndivyo zifanyavyo baadhi ya itifaki. Mtumaji huomba ruhusa kwa ujumbe mfupi, mpokeaji hujibu kwa ujumbe mfupi, na jibu hilo, kwa kuwa linatoka kwa mpokeaji, husikika na wote wanaoweza kumsumbua. Lakini katika mitandao ya vihisi ujumbe wenyewe ni mdogo sana. Fremu nzima haizidi baiti 127 katika kanuni ile. Kuomba ruhusa kwa ajili ya neno moja ni kama kuandika barua ya kuomba kusalimia. Kwa hiyo wengi huacha maombi hayo, wakakubali kugongana mara chache. Twalitaja hili kwa sababu wanafunzi hudhani kila tatizo lina jibu moja la kitabuni, na hapa lipo jibu zuri ambalo mara nyingi halifai kutumiwa.

La pili ni la betri, nalo ndilo linaloutofautisha mtandao wa vihisi na mitandao mingine. Kila mwanafunzi alipewa punje 30 za mahindi ziwe ndizo nguvu zake. Tulipouliza punje ngapi zitozwe kwa kusema na ngapi kwa kusikiliza, karibu wote walitaka kusikiliza kuwe bure. Nasi tungalisema hivyo hivyo zamani. Lakini redio haifanani na sikio. Redio moja iliyotumika sana katika nodi hizi, CC2420, hutumia miliampea 17.4 inapotuma kwa nguvu yake ya kawaida, na miliampea 18.8 inapopokea au kusikiliza tu. Kusikiliza kimya humaliza betri kuliko kusema! Tulifanya hesabu ubaoni: betri zenye uwezo wa miliampea 2,500 kwa saa, redio ikiwa macho usiku na mchana, huisha baada ya siku tano na nusu hivi. Redio hiyo hiyo ikiwa macho asilimia 1 tu ya muda na kulala muda uliosalia, betri zingeiendesha kwa karibu mwaka mmoja na nusu, tukiacha matumizi mengine. Hesabu hii ni ya kugawanya na kuzidisha tu, na yafaa ifanywe na wanafunzi wenyewe.

Sasa kila mtu akawa analala: alichuchumaa na kuziba masikio, asitozwe punje. Na papo hapo wakagundua kwamba wote wakilala hakuna wa kupokea. Njia zilizopatikana uwanjani zilikuwa mbili, na ndizo mbili walizozipata wataalamu. Wa kwanza walisema tupatane siku ya gulio: wote tuamke kwa saa moja, tuuziane habari, turudi kulala. Itifaki ya S-MAC ya mwaka 2002 imejengwa juu ya wazo la aina hiyo. Wengine walisema kila mtu aamke kwa kitambo kidogo kwa wakati wake, na mwenye haja aite mfululizo mpaka aliyelala aamke, kama abishaye mlango usiku. Ndivyo ilivyo B-MAC ya mwaka 2004. Njia ya gulio inadai saa zinazokubaliana, na saa za nodi, kama za wanafunzi wanaohesabu moyoni, huachana. Saa yenye kosa la sehemu 40 katika milioni hupotoka kwa sekunde tatu na nusu hivi kwa siku. Njia ya kubisha haihitaji saa moja, ila humchosha abishaye na kuwaamsha majirani wasiohusika. Tuliwaacha wabishane, wala hatukuwaambia ipi ni bora, kwa sababu hutegemea habari zaja mara ngapi.

Mwishoni tuliwapanga katika mstari mrefu kutoka mwembe hadi barabarani, ujumbe upokezwe kutoka mkono hadi mkono, maana redio ndogo haifiki mbali. Punje za wale waliosimama karibu na mkusanyaji ziliisha kwanza, kwani walibeba ujumbe wao na wa wote walio nyuma yao. Walipoishiwa, mstari mzima ulinyamaza, ijapokuwa wa mwisho walikuwa bado na punje tele mikononi. Yule binti wetu alisema jambo hili si haki, na akapendekeza watu wabadilishane zamu ya kukaa karibu. Nodi haiwezi kuhama, lakini kazi nzito yaweza kuhama. Mwaka 2000 Heinzelman, Chandrakasan na Balakrishnan walieleza itifaki ya LEACH, ambamo nodi hupokezana zamu ya kuwa kiongozi wa kikundi, ili mzigo wa kukusanya na kutuma mbali usimwangukie mmoja. Tulimwambia hivyo. Hatujui kama alituamini.

Liko pia jambo la kusambaza kanuni mpya kwa wote bila kuwapigia kelele. Itifaki ya Trickle ya mwaka 2004 humfundisha kila mmoja kwamba akiwasikia majirani wakisema lile alijualo, anyamaze na kuongeza muda wa kungoja. Akisikia jambo la zamani au jipya, aseme upesi. Hili tulilieleza kwa maneno tu, jua lilikuwa limekwishazama.

Wako watakaotupinga, na wengine wamekwisha kutupinga. Mgeni mmoja wa kikazi alitukuta uwanjani akauliza kama ni kipindi cha michezo. Alipojibiwa alisema mtihani hautauliza punje za mahindi. Ni kweli, hautauliza. Hoja hii hatuidharau, kwa sababu cheti ndicho kimfungulialo mtoto wa kijijini njia, nasi hatuna ruhusa ya kumtumia kwa majaribio yetu. Ndiyo maana majina hatukuyaacha. Tuliyafundisha baadaye, katika vipindi viwili, na kila jina lilikuta mahali pa kukaa: hili ni mfuko, hili ni "karibu", hili ni mstari hadi barabarani. Tatizo lililobaki ni la lugha. Mwanafunzi aliyeeleza kwa Kiswahili fasaha kwa nini "karibu" iliyopotea huzaa ujumbe wa mara mbili, aliandika kwa Kiingereza sentensi tatu za kukariri zisizogusa hoja. Kwa maoni yetu, vyuo vya ualimu, hata Ilonga palipo jirani nasi, havina budi kumfunza mwalimu namna ya kumvusha mwanafunzi kutoka lugha moja hadi nyingine katika somo lenyewe, badala ya kudhani kwamba atavuka peke yake.

Na tukiri udhaifu wa njia yetu. Mwanafunzi si nodi. Anajua zaidi ya anachoambiwa, hukonyeza, hukisia nani anataka kusema, humwonea huruma mwenzake. Mara mbili tuligundua kwamba mambo yameenda vizuri kwa sababu wanafunzi walipatana kwa macho, wakaiacha kanuni. Mwalimu asipolisema hilo waziwazi, wataondoka wakiamini kwamba vyombo vina busara. Afadhali amtoze punje anayekonyeza.

Vifaa ni mfuko, mahindi na karatasi. Muda ni vipindi vinne. Tumekusudia kulirudia somo wakati wa masika, tena ndani ya darasa lenye paa la bati, mvua ikinyesha, ili wapate kusikia wenyewe hewa inavyokuwa pale kelele zisipotoka kwa mwenzako yeyote, bali kutoka juu, na hakuna wa kumwambia anyamaze.